Uliza Fundi: Mfumo umefyatuka na moto hakuna

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Maweni, Malindi, niko nyumbani likizo. Kazi yangu ni umekanika kwenye mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi, Tanzania. Mashine yetu ya kupakia mawe ina mfumo wa kuzima moto unaojiwasha wenyewe. Umefyatuka mara mbili bila moto, injini nzima ikajaa unga wa kuzimia moto. Msimamizi kaamuru waya wa kuhisi joto uchomolewe, tubaki na kitufe cha dereva. Stika ya ukaguzi bado ina muda. Kuna ubaya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ubaya upo, tena mkubwa. Mpira wa haidroli ukipasuka, mafuta huruka juu ya turbo, ile feni ya ekzosi inayowaka joto, na dereva akija kugutuka moto ushapanda. Hapo kitufe atakikumbuka au atakimbia? Na moshi wa mgodini hufuata njia ile ile ya hewa mnayovuta. Mwaka 1972, katika mgodi wa Sunshine kule Idaho, Marekani, walikufa watu 91, na kilichowaua ni hewa ya kaboni monoksidi.

Sasa huo waya. Ndani yake mna nyaya mbili zilizotengwa kwa plastiki inayoyeyuka kwa joto. Zikigusana, mfumo unafyatuka. Waya ukikatika, huwaka taa ya hitilafu tu. Basi wako unagusana mahali. Usianzie kwenye boksi la umeme. Mafundi wengi huanzia huko kwa kuwa ndiko kusikochafua mikono. Shika tochi, uufuate waya kwa vidole mpaka mwisho, hasa unapopinda karibu na ekzosi na ulipofungwa kwa tai ya plastiki juu ya ukingo wa chuma. Mtetemo husugua pale pale. Utakuta ganda limeng'ara, limelika upande mmoja. Badilisha kipande chote, kisha ufunge kwa klipu ya chuma yenye mpira. Mimi hufanya hivyo hata kwenye injini za boti hapa, maana mtetemo ni ule ule.

Stika isikudanganye kwamba mfumo unafanya kazi. Mwaka 2006, mgodi wa makaa wa Aracoma, West Virginia, ukanda wa kusafirishia makaa ulishika moto. Mpira wa maji ulikuwepo, lakini uzi wake wa kufungia haukuingiana na wa bomba, na bomba lenyewe halikuwa na maji. Wakafa wawili. Wewe jaribu kweli: toa katriji ya gesi, yaani kichupa kinachousukuma unga, weka taa ya majaribio mahali pa kifyatuzi chake cha umeme, gusanisha nyaya mwishoni. Taa iwake na injini izimike yenyewe, kwani ikiendelea kuzunguka itasukuma mafuta motoni. Katriji ipime kwa mizani ujue kama gesi bado imo. Nozeli, yaani midomo ya kutolea unga, zitazame kofia zake, na zielekee turbo, zisielekee ngazi. Unga nao hushindiliwa na mtetemo chini ya mtungi. Uuchambue kwa mkono.

Msimamizi akishikilia lake, mwombe kwa adabu aandike kwenye kitabu cha shifti, kwa jina lake, kwamba waya umechomolewa. Nadhani utarudishwa siku hiyo hiyo.