Uliza Nesi: Kila ofisi inanituma kwingine

SWALI: Nauza chai karibu na maegesho ya malori, Salgaa, Kenya. Kuna msichana wa miaka 14 ambaye mama mmoja wa hapa humpeleka lojing usiku kwa madereva, na pesa anashika yeye. Jana msichana alinieleza huku akilia. Polisi wameniambia tuanze hospitali, hospitali wakasema tuanze polisi. Sasa jamaa za huyo mama wanataka tukae na wazee tuelewane. Nifanye nini? – Mama Chai

JIBU: Mama Chai, asante kwa kumsikiliza. Mpeleke hospitali leo hii. Matibabu hayangoji polisi, na yeyote atakayekuambia vinginevyo, mwambie umwone mkubwa wake. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72 tangu kitendo, kisha humezwa siku 28. Ya kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Hata kama saa hizo zimepita, nendeni. Asioge kwanza. Nguo alizovaa zitie kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa nailoni, maana zikifungiwa unyevu huoza na ushahidi ukapotea. Daktari ajaze fomu ya PRC, ile ya hospitali ya huduma baada ya ubakaji. P3, fomu ya polisi ya ripoti ya daktari, mtaipata polisi, kwenye dawati la jinsia.

Mkiwa njiani piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, usiku na mchana. Omba uunganishwe na afisa wa watoto wa eneo lenu, kwa sababu huyo ndiye wa kuwakalisha meza moja daktari, mpelelezi, mwendesha mashtaka na mshauri nasaha. Nimekaa vikao hivyo miaka mingi. Kisipokuwepo, mtoto husimulia yaleyale kila mlango anaobisha, mwisho ananyamaza kabisa; na kortini wakili wa mshtakiwa hukamata pale maneno yalipopishana.

Kwa wazee msiende. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inampa anayemuuza mtoto kifungo kisichopungua miaka 10, na familia haina mamlaka ya kuifuta kesi hiyo hata ikipewa ng'ombe zizi zima. Na afisa akianza kumhoji msichana kana kwamba yeye ndiye mkosaji, simama hapo umkumbushe kwamba huyu ni mlalamishi, tena mtoto.

Usiku wa leo asirudi kwa huyo mama. Mwambie afisa wa watoto hivyo waziwazi, ili aombe amri ya korti apelekwe mahali salama.