Mke wa Mchamungu Naye Ana Haki Yake

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa binti aliyeolewa si zamani, ambaye mumewe, tangu aanze kuhudhuria darsa za dini, hufunga kila Jumatatu na Alhamisi, hukesha kwa tahajudi, yaani swala za usiku wa manane, na akiombwa akae wazungumze kidogo baada ya Isha hujibu kwamba mke ni mtihani wa dunia. Binti anauliza kama anapata dhambi kwa kuumia. Hupati dhambi, mwanangu. Ninakujibu hadharani kwa sababu najua wengi wetu tunavitaka vyote viwili, radhi za Mola wetu na nyumba yenye mapenzi, na tumeaminishwa kwamba lazima kimoja kiachwe.

Mimi nilimkubali mume wangu kwa ajili ya dini yake. Lakini miaka ya mwanzo ya ndoa yetu, hapa Tanga, alikuwa akitoka kazini anapitia msikitini, akirudi ni usiku, na chakula changu kilipoa huku ameshika tasbihi. Nilipojipamba hakuona, niliponyamaza hakuuliza, na habari ya kwamba amefunga niliipata asubuhi, chai ikiwa imeshaandaliwa. Majirani walinisifu kwa kupata mume mchamungu, nami niliitika "Alhamdulillahi" koo likiwa limenikaba. Nilipomwomba anisindikize Pangani kumwangalia mama yangu aliyekuwa mgonjwa, alisema asingeweza kuikosa dhikri ya Alhamisi usiku. Nilipanda basi peke yangu. Jambo hilo nimelisamehe, lakini sijalisahau.

Aliyetunusuru ni baba yake mdogo, mwalimu wa madrasa, ambaye alikuja kututembelea, akaniuliza hali, nami kwa mara ya kwanza sikusema "njema". Hakumkaripia mtu. Baada ya kula alimsimulia mume wangu kisa kilichomo katika Sahihi Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume, cha sahaba Salman Al-Farisi, ambaye Mtume (S.A.W.) alimuunga udugu na sahaba mwenzake Abu Dardaa. Salman alifika nyumbani kwa nduguye, akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, amevaa ovyo, akamuuliza ana nini, naye akajibu kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia. Basi Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake afungue swaumu yake ya sunna, isiyo ya faradhi, na usiku kila alipoinuka kuswali akamwambia lala, hata ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku wakaamka wote wawili wakaswali. Kisha akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali yake, yaani watu wa nyumbani kwake, wana haki, kwa hiyo ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipopelekewa habari alisema Salman amesema kweli.

Mume wangu alikuwa akikijua kisa kile. Alichokuwa hajakitazama ni zile nguo za Ummu Dardaa.

Tangu hapo tulipatana. Darsa zake anaendelea nazo, swaumu ya sunna tunaiambiana usiku wa kuamkia, na baada ya Isha ni wakati wetu. Kumi la mwisho la Ramadhani hukaa itikafu, yaani kujitenga msikitini kwa ibada, nami humwendea usiku, kama Bibi Safiyya, mke wa Mtume, alivyomwendea msikitini, wakazungumza, na alipotaka kuondoka Mtume akasimama kumsindikiza. Leo vijana wanaotaka kuoa huletwa kwetu wapewe nasaha, na ninalisema hilo kwa fahari.

Enyi waume, mke wako hakuzuii kufika kwa Allah. Qur'ani, katika Al-Baqara aya ya 187, katikati ya hukumu za mwezi wa kufunga, imesema wake zenu ni vazi kwenu nanyi ni vazi kwao. Nasi wanawake tusijisafishe, kwani wapo wanaohama kutoka darsa moja ya akina mama hadi nyingine huku mume akila baridi, na hata swaumu yetu ya sunna, mume akiwapo, inataka idhini yake. Patananeni. Semezaneni.

Kwako, binti yangu: usibishane naye akiwa juu ya mswala. Mtafute mtu mzima anayemheshimu katika dini, awe baba yake mdogo au ustadhi wake, umweleze yote bila kumchafua mumeo, na siku akija kuwatembelea, akikuuliza hali, usiseme "njema".