Rimu ya Babu Yako

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Umeuliza kama huyo "deacon" wanayetaka uwe kwenye kanisa lenu la Kibaptisti huko Leeds ni mkubwa kuliko shemasi wetu wa hapa Kirumba, na kama ukubali. Jina ni lile lile. "Deacon" limetoka kwa Wagiriki, diakonos, mtumishi, hata yule anayehudumia mezani. Shemasi tumelipata kwa Waarabu, nao kwa Wasiria, na maana ni hiyo hiyo ya kutumika. "Minister" naye ni mtumishi, kwa Kilatini. Nimewaambia siku zote: vyeo vya kanisa vilianza na ufagio.

Lakini neno lililonishika ni "sexton". Kwanza alikuwa mtunza vyombo vitakatifu, kisha Waingereza wakamwita hivyo hata mpiga kengele na mchimba makaburi. Nilipolijua, nilimwona babu yako.

Unaikumbuka ile rimu ya lori kwenye mwembe, kule Ukerewe. Aliigonga kwa nondo kila Jumapili alfajiri, mpaka kiganja kikaota sugu. Makaburi alichimba yeye, bila senti. Basi siku ya sherehe ya kanisa, mgeni akasoma viongozi kwa Kiingereza: pasta, elda, dikoni. Anayetajwa anasimama, anapigiwa makofi. Babu yako alivaa koti lake la kaki, kafunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Orodha ikaisha. Akafungua kile cha shingoni, taratibu, akatoka kwenda kugonga rimu. Nilikuwa na miaka 11. Hadi leo majina yakianza kusomwa kanisani, koo linanikaba.

Pengine namwonea yule mgeni, alisoma alichoandikiwa. Tena "bishop", huyo askofu wetu, kwa Kigiriki ni mwangalizi, na lazima awepo wa kuangalia, si wote tushike ufagio. Sawa. Lakini mwangalizi gani asimwone mtu aliyesimama mlangoni na koti la kaki? Hapana, vilianza na ufagio.

Ukubali, usikubali? Ulimi unaniwasha, ila wewe ni mtu mzima, nauacha. Niambie tu huko kwenu nani anafungua kanisa asubuhi kwenye baridi hiyo. Niandikie na jina lake.

Mama yako