Ofisi yetu inasaka cheti cha ISO, ni makaratasi tu?

SWALI: Assalaam aleikum ndugu mhariri. Mimi nafanya kazi masjala kwenye ofisi moja ya serikali hapa Amu. Bosi katwambia lazima tupate cheti cha ISO, lile shirika la kimataifa la viwango, sasa kila mtu anaandika taratibu za kazi yake mpaka usiku. Wenzangu wanasema haya ni ya kuwafurahisha wakubwa, odita akishaondoka mambo yatarudi yale yale. Kweli kuna faida? Na cheti chenyewe kinatoka ISO?
Msomaji, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Wenzako wana sababu ya kusema hivyo, maana cheti kinaweza kutundikwa ukutani na mwananchi bado akaambiwa njoo kesho. Kenya hii kandarasi za utendaji, yaani ofisi inaahidi malengo kisha inapimwa kwa malengo hayo, zilianza 2004, na kupata cheti cha ISO kukawa moja ya mambo ambayo ofisi za umma zilipimwa nayo, na mtu ukimpima kwa cheti atatafuta cheti, si huduma.

Lakini ISO 9001 yenyewe, kile kiwango cha kusimamia ubora wa kazi ambacho cheti hicho kinakihusu, haisemi hivyo. Inataka mjue anayekuja dirishani anahitaji nini, mseme mtampa kwa muda gani, mumpe kweli, na mkishindwa mtafute chanzo mkiondoe. Basi chukua mama ametoka Faza, kule kisiwani Pate, na boti ya alfajiri, boti zenyewe zinafuata maji, akifika kwenu anaambiwa fomu haijakamilika, hana kopi ya kitambulisho, arudi kesho. Huyo alale kwa nani? Nauli ya pili atoe wapi? Kwenu imeandikwa tu "ombi halijakamilika" na siku imekwisha, lakini mkiifuata fikra ya ISO 9001 hiyo mtaihesabu hitilafu ya ofisi, na haiishi kwa kumkaripia karani, mnauliza kwa nini huyu mama hakujua kabla hajapanda boti. Pengine orodha ya karatasi zinazotakiwa iko ukutani ndani ya ofisi peke yake! Ibandikeni gatini, mpeni na chifu wa kule, halafu baada ya miezi mitatu muangalie kama wanaorudishwa wamepungua. Wasipopungua chanzo hamjakipata, tafuteni tena. Mimi naona hapo ndipo kazi yote ilipo, na wewe wa masjala ndiye unayeyajua haya kuliko bosi, kwa hivyo weka daftari, ombi limeingia lini limetoka lini, waliorudishwa ni kwa sababu gani, kisha linganisha na ule muda mlioahidi kwenye bango la huduma pale mlangoni.

Hayo ya kuandika mpaka usiku sasa, hapo mnajitesa bure. Toleo la ISO 9001 la 2015 liliondoa lile sharti la kuwa na kitabu kizima cha mwongozo wa ubora, likaondoa pia sharti la kuteua mtu mmoja awe mwakilishi wa uongozi, mzigo wakabebeshwa viongozi wenyewe. Kumbukumbu zinatakiwa bado, ila andikeni mnavyofanya kazi kweli, msinakili taratibu za ofisi nyingine zenye maneno mazuri, sababu odita atakuja mezani kwako akwambie nionyeshe, na huna cha kuonyesha.

Cheti hakitoki ISO. Wale wako Geneva, kazi yao ni kutunga viwango. Wanaotoa vyeti ni mashirika ya ukaguzi, hapa kwetu hata KEBS, shirika la viwango la Kenya, wanatoa, na kwa kawaida kinakaa miaka 3, lakini kila mwaka wanakuja kuangalia, kwa hivyo huyo odita mnayesema ataondoka atarudi tu. Kabla yake mnatakiwa mjikague wenyewe na bosi akae ayapitie matokeo, malalamiko ya wananchi yakiwemo. Siku ya kikao hicho peleka daftari lako, muonyeshe waliotoka Faza na Kizingitini wakarudi mikono mitupu.