Muhogo kwenye pindo la kanga

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Bibi yangu wa Ukerewe hakukubali tupande meli kuja Mwanza bila kipande cha muhogo, akikifunga mwenyewe kwenye pindo la kanga, hata kama tumetoka kula. Nimesikia Ayalandi nao walibeba chakula kwa kuogopa nyasi. Nyasi gani hizo?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenyewe huziita féar gortach, nyasi za njaa. Wazee wa vijijini walisimulia kuwa huota pale alipoangukia mtu aliyekufa njaa. Ukizikanyaga, hata uwe umeshiba vipi, magoti yanalegea na njaa inakubana. Usipotia kitu mdomoni, unafia hapohapo. Kinga yake ni kipande cha mkate mfukoni.

Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia kwenye viazi mviringo vyao. Mwaka uliofuata karibu zao lote liliozea ardhini, na maskini wengi hawakuwa na chakula kingine. Nimewahi kusimama kwenye shamba la muhogo Sengerema, majani yamejikunja kwa ugonjwa wa batobato, mwenye shamba kanyamaza kimya, naelewa. Kule Ayalandi walikufa watu wapatao milioni moja, na wengine kama hao wakahama nchi. Linaloniuma mpaka leo ni kwamba nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza.

Wengi walizikwa bila jeneza, wengine wakaangukia barabarani. Ndiyo maana mimi nyasi zile siziiti ushirikina. Naona ni namna ya kuonyesha kaburi la mtu ambaye hakuna aliyemwekea alama.

Mwaka 1937 hadi 1939 watoto wa shule za msingi kule walitumwa na madaftari wakawaulize wazee wao habari kama hizi. Madaftari hayo yapo mpaka leo. Mama yangu, Misungwi, alikuwa na kiroba cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, uvunguni ambacho hatukuruhusiwa kukigusa hata mwaka wa mavuno mazuri. Nilikuwa namcheka. Sikumuuliza alikuwa anakumbuka mwaka gani, na sasa amelala.

Umeandika “hakukubali”, nami naogopa kukuuliza kama bibi bado yupo. Kama yupo, Jumamosi panda meli. Muulize huo muhogo alianza kuufunga lini, na ni nani wao aliyeishia njiani. Andika kwa maneno yake mwenyewe, kisha unitumie.