Ukurasa Niliouruka

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: mtoto wa miaka saba hadi kumi anafaidika zaidi na nini, hadithi ndefu za kubuni zenye sura, au vitabu vya mambo ya kweli? Nimelisoma mara tatu na kila mara najikuta nalijibu swali jingine. Mtaniwia radhi.

Ninyi mmeuliza mtoto asome nini. Linalonikereketa mimi ni yule mtu mzima aliyekaa ukingoni mwa kitanda na kitabu mkononi. Maana vitabu vingi vya aina hii, hasa mwanzoni mwa umri huo, mtoto hasomi. Anasomewa, sura moja kwa usiku, na anayesoma ndiye mwenye funguo. Ana haki gani ya kuruka, kulainisha, kubadilisha? Msimamo wangu niuseme mapema, kabla sijaanza kuyumba: hana haki yoyote. Kitabu kina mwandishi tayari.

Hadithi yenye sura si sawa na ngano. Ngano inaanza kwa paukwa pakawa na inakwisha usingizi haujafika. Sura inakuacha njiani makusudi. Mtoto analala, na huku mtu wake kaachwa ananing'inia. Sisemi kwa mafumbo. Carlo Collodi alipoanza kuandika kisa cha Pinocchio mwaka 1881, kikitoka kidogo kidogo katika gazeti la watoto huko Italia, sura ya 15 iliisha kwa yule kikaragosi kunyongwa mtini, na mwandishi akakusudia iwe ndiyo tamati. Wasomaji wadogo hawakukubali. Mwaka 1882 kisa kikaendelea, na katika sura ya 16 msichana mwenye nywele za buluu anaagiza kikaragosi kishushwe. Kitabu kizima kilipotoka mwaka 1883 kilikuwa na sura 36. Mfano huu nimeutumia miaka mingi kuwaonyesha watu kwamba watoto si wa kudharauliwa, wanajua hadithi yao. Nitaurudia, kwa sababu tangu nianze kuandika barua hii nimeanza kuuogopa.

Sasa kisa chenyewe.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka saba. Kitabu kilikuwa Charlotte's Web cha E. B. White, kilichotoka Marekani mwaka 1952: sura 22, nguruwe aitwaye Wilbur, na buibui aitwaye Charlotte anayemwokoa asichinjwe kwa kuandika maneno kwenye utando wake. Nakala yetu ni ya Kiingereza, na Kiingereza cha mtoto wakati ule kilikuwa bado cha kutaja rangi na kuhesabu hadi ishirini. Kwa hiyo nilisoma kwa macho na kusema kwa Kiswahili, papo kwa papo. Mlishike hilo, kwa sababu ndio mlango ambao mwizi aliupitia.

Kazi ile niliipenda kuliko nilivyodhani. Kiswahili kinambeba mwandishi wa namna hii bila kuombwa. Nguruwe anakuja, mwalimu anakuja, na sarufi haitaki kujua nani kati yao ana haki ya kusema. (Tabu iko kwenye vitabu ambamo miti inasema. Mti ulisema, au mti alisema? Ukitamka "alisema" umeshamfanya mtu kabla hajafumbua kinywa, na mwujiza wote umekwisha hapo.) Kilichonitoa jasho ni maneno ya kwanza ya Charlotte kwenye utando. Ni mawili tu, sifa kubwa inayosemwa kana kwamba si sifa, na ukiyatafsiri kavukavu unapata "nguruwe fulani". Mimi nikayatamka hivyo hivyo. Mtoto akauliza, "Nguruwe yupi?" Nikajikusanya, nikasema, "Huyu nguruwe si mchezo." Akatulia. Kesho yake nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba huyu baiskeli yake si mchezo, na sikusahihisha ngeli.

Basi tukaenda hivyo, usiku baada ya usiku, hadi sura ya 21.

Hapa lazima niseme kwamba mama yangu, bibi yake, alikuwa amefariki miezi miwili kabla. Mtoto hakuwa ameniuliza lolote juu yake, na mimi sikuwa nimeanzisha. Tulikuwa tumekubaliana bila kukubaliana.

Sura ya 21 sikuwa nimeipitia mapema. Nilijua kitabu kina kifo lakini nilidhani ni cha nguruwe, maana shoka limo tangu sentensi ya kwanza, na wiki nzima nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya nguruwe. Unapotafsiri papo hapo macho yanatangulia mdomo kwa sentensi moja au mbili. Macho yakafika mwisho wa sura, yakaona kwamba anayekufa ni buibui. Ameshataga, amechoka, kabaki kwenye uwanja wa maonyesho, watu wamekwenda zao, na hakuna hata mmoja aliye naye. Mdomo ukasimama.

"Endelea, Baba."

Nikaendelea. Nikasema Charlotte alikuwa amechoka mno, akaamua kubaki uwanjani apumzike. Nikafunga kitabu, nikazima taa.

Uongo huo wa kwanza ulikuwa wa kushtukia. Wa pili niliufanyia mazoezi. Kesho yake niliisoma sura ya 22 kwa siri na kukuta watoto wa Charlotte wanaanguliwa, wanatoa uzi, upepo unawabeba, na watatu tu wanabaki bandani. Nikaona pana nafasi. Usiku nikamwambia mtoto kwamba baridi ilipokwisha Charlotte naye alitoa uzi kule uwanjani, akapeperuka, akaenda kukaa kwenye dirisha la watu wengine. Kila kitabu kiliposema Wilbur hakumsahau, mimi nilisema alikuwa na hamu naye, kama mtu anavyokuwa na hamu na msafiri. Nikajisifu kimoyomoyo kwa jinsi nilivyoshona vizuri, mshono hauonekani.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda miaka miwili, na muda wote huo hatukufagia dirisha la chumba cha mtoto. Buibui mmoja alikuwa ametanda pembeni na mtoto akaamua kwamba huenda ndiye. Alipotoweka akaja mwingine, huyo naye huenda ndiye. Ufagio ulikuwa haupiti. Mama yake alikuwa ananitazama tu.

Alikuwa na miaka tisa aliponijia na kitabu, kidole kimebana ukurasa. Kiingereza chake kilikuwa kimekua nyuma ya mgongo wangu.

"Baba, hapa ulisoma nini?"

Nikamweleza. Kama nguruwe wa methali, nilikuwa nikikaangwa kwa mafuta yangu mwenyewe.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Nilitegemea machozi, au mlango kubamizwa. Alisimama pale akifikiri, halafu akasema jambo ambalo mpaka leo sijakutana na mhakiki aliyelisema vizuri zaidi: "Hakuna buibui anayejua kuandika, hilo nalijua. Lakini kufa alikufa."

Hapa ndipo swali lenu linaponishinda, Mhariri. Mnatutaka tuchague kati ya cha kubuni na cha kweli. Kwenye kitabu hiki cha kubuni mtoto alikutana na mayai 514 kwenye mfuko mmoja. Alikutana na buibui wadogo wanaosafiri kwa uzi na upepo, na hivyo ndivyo wafanyavyo. Na buibui wa jamii ile ya Charlotte, jike, anakufa kweli baada ya kutaga, majira ya baridi yakikaribia. White aliwachunguza kabla ya kuandika. Kitabu kilisema kweli, mwongo alikuwa mimi, na nilichomnyima mtoto kilikuwa hadithi na elimu ya viumbe kwa pamoja. Zaidi ya hapo sina la kuwajibu.

Lakini siku ile haikuishia kwenye buibui. Mtoto alikuwa amegeuka aende zake, akasimama mlangoni. "Na Bibi alikuwa na nani?"

Nilimwambia. Jibu lenyewe ni la nyumbani kwetu, litabaki huko. Ninaloweza kuwaambia ni kwamba niliweza kulijibu, nikiwa nimesimama, kwa sauti yangu ya kawaida au karibu yake. Miaka miwili nyuma nisingeweza. Na sasa, nikiandika, naona swali lile ndilo lililokuwa linanisubiri mwisho wa sura ya 21. Nililiona kabla mtoto hajaliona. Siku zote nimesema niliuruka ukurasa ule kwa ajili yake.

Najua nimekaa sana hapa. Mlitaka maoni juu ya vitabu.

White mwenyewe alikirekodi kitabu chake kwa sauti mwaka 1970. Mtayarishaji wa rekodi ile alisimulia kwamba pale Charlotte anapokufa mzee ilimbidi arudie mara 17, sauti inamkatika. Buibui alimtunga mwenyewe, miaka karibu ishirini ilikuwa imepita, na aliujua mwisho kuliko mtu yeyote duniani. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nililichukua kama ushahidi wa kunitetea. Kisha nikaona kwamba alirudia mara 17 na hakuruka. Kisha tena, na hapa ndipo ninapoyumba, nikafikiri kwamba alikuwa na nafasi ya kurudia. Mimi nilikuwa na usiku mmoja na mtoto anayesema endelea.

Na yule kikaragosi wa Collodi? Nimeahidi kumrudia. Watoto wale nilikuwa nikiwasifu kwa kudai hadithi yao. Lakini walichodai ni kifo kifutwe, na mwandishi akakifuta, na kitabu kikawa bora zaidi. Sidhani kuna mtu leo anayetaka kiishie mtini. Kwa hiyo mlainishaji hakosei kila mara. Tofauti, labda, ni kwamba pale walioomba walikuwa watoto, na Collodi alifuta mchana, hadharani, kila mtu akiona kamba na kuona inavyofunguliwa. Mimi niliificha kamba.

Juma moja baada ya kugundua, mwanangu alikuja kitandani na kusema, "Nisomee ile yako." Nikamwuliza ipi. Ile ya dirisha. Nikajaribu, nikagundua nimeisahau. Nilikuwa nimeibuni usiku mmoja na kuitupa. Yeye alikuwa nayo yote. Alinisahihisha sentensi kwa sentensi, mpaka rangi ya pazia la hao watu wengine, ambayo inaonekana niliitaja. Sijui niliweke wapi hilo. Linanifariji kuliko inavyostahili.

Hukumu yangu basi, na ichukuliwe kama ya penseli. Nilianza kwa kusema msomaji hana haki yoyote. Sasa nasema anaweza kuuacha ukurasa, kama hawezi kuubeba usiku huo, ila aseme waziwazi, "Hapa pana ukurasa nimeuacha, tutaurudia." Asishone kitambaa kipya juu yake. Hata hilo nalisema kwa mashaka, kwa sababu namjua mtoto wangu: angeuliza kuna nini kwenye huo ukurasa, na tungekuwa pale pale. Na wale wanaofuta majini na wachawi ili mtoto asiote vibaya, siwatetei. Hilo ni jambo jingine kabisa. Au ni lile lile, na mimi najipendelea.

Swali lenu limenikuta pabaya kwa sababu moja zaidi. Binti yangu ana miaka sita. Nakala ni ile ile, ina alama ya kidole kwenye sura ya 21, na tuko sura ya 18. Nimeijaribu ile sura peke yangu kwa sauti, mlango umefungwa. Mara ya kwanza sikufika mwisho. Mara ya pili nilifika, lakini kwa mbio.

Kaka yake sasa ana miaka kumi na mmoja na amekuwa akikaa mlangoni tangu sura ya 17. Anasema anapita tu. Jana usiku, mdogo wake alipolala, aliniuliza nitasoma ya kitabu au ile yangu. Nikamwambia sijui. Akasema nikishindwa nimwite, Kiingereza chake kinatosha.