Namba 3816547290: itafute kwa penseli kwanza

Wanaopenda hesabu huniuliza waanzie wapi kuzichunguza namba kubwa. Jibu langu halibadiliki: chukua moja tu, uichambue mpaka uielewe. Mimi ningekupa 3816547290.

Itazame vizuri. Ina tarakimu zote kumi, 0 hadi 9, kila moja mara moja. Sasa ikate kuanzia kushoto: 38 inagawanyika kwa 2, 381 kwa 3, 3816 kwa 4, 38165 kwa 5, hivyo hivyo mpaka namba nzima igawanyike kwa 10. Tarakimu kumi zinaweza kupangwa kwa njia 3,628,800, na ni mpangilio huu peke yake wenye sifa hiyo.

Wengi wakisikia hivyo huandika programu fupi, na jibu hutoka papo hapo. Nakushauri uiache kompyuta kwanza. Mimi niliielewa namba hii pale tu nilipoitafuta kwa mkono.

Ya kumi lazima iwe 0, na ya tano 5. Nafasi ya 2, 4, 6 na 8 zinadai namba shufwa, kwa hiyo 1, 3, 7 na 9 zinabaki kwenye nafasi za witiri. Hapo tayari mamilioni yameanguka. Kugawanya kwa 4 na kwa 8 kunalazimisha nafasi ya nne na ya nane zichukue 2 na 6, kwa kuwa kila moja inatanguliwa na witiri. Kisha inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote: tarakimu tatu za kwanza zinagawanyika kwa 3, na sita za kwanza pia, kwa hiyo jumla ya ya nne, ya tano na ya sita nayo lazima igawanyike kwa 3. Katikati panabaki 654 au 258, basi.

Ukiendelea hivyo unabakiwa na namba kumi tu za kujaribu kwa 7. Hapo usitafute njia ya mkato. Gawanya zote kumi. 1472589 inaacha baki 6. 9876543, ambayo kwa sura yake ungeitegemea, inaacha 5. Ni 3816547 pekee inayogawanyika bila baki: 7 mara 545221. Sharti la 9 halihitaji hata kujaribiwa, maana 1 hadi 9 zikijumlishwa ni 45.

Ukishamaliza, ruhusu tarakimu kujirudia uone mlolongo unafika wapi. Namba ndefu kuliko zote ya aina hii ni 3608528850368400786036725, yenye tarakimu 25. Weka tarakimu yoyote uitakayo mwishoni mwake, na hakuna itakayoifanya igawanyike kwa 26. Kwa kuitafuta hii, washa kompyuta.